Nilivyomtetea Semeni

Jumamosi, 3 Agosti

Maktaba, kama kawaida. Feni bado mbovu. Nimejipepea na kitabu chenyewe muda wote.

Tumemaliza riwaya ya jalada la njano na imetugawa katikati. Nilijua. Habari yenyewe fupi: mwanamke anaitwa Semeni, mumewe kapooza, miaka na miaka kitandani, hasemi, hajigeuzi. Siku moja Semeni anaacha kumpa dawa. Hamnyongi, hamtilii sumu. Anaacha tu. Mume anakufa, anazikwa, watu wanampa Semeni pole, na kitabu kinaishia hapo, mwanamke anaanika kanga zake. Hakuna polisi, hakuna mzimu wa kumsumbua usingizini.

Mzee Kondo, bwana shamba mstaafu, kafura. Kasema ni uuaji mtupu na mwandishi hana haya. Kina mama wa nyuma wakamjibu kwamba yeye hajawahi kufua shuka la mgonjwa maishani mwake, anyamaze. Wakashikana maneno mpaka Kaka Deo, mkutubi wetu, akagonga meza.

Moyoni mwangu niko na Mzee Kondo. Semeni ni muuaji. Lakini sikusema, maana Kaka Deo ana utaratibu wake. Kitabu kikitugawa, tunapitisha kopo lenye mahindi na kunde, unatia mkono bila kutazama. Ukitoa punje ya mahindi unamtetea mhusika. Ukitoa kunde unamshitaki. Ukishatoa, imani yako unaitia mfukoni mpaka kikao cha kufunga kitabu. Marufuku kuisema kabla, hata nje ya mlango. Anadai hivyo ndivyo watu wanavyojifunza kusikilizana.

Nimetoa hindi. Mtani wangu Tatu katoa kunde. Nimemwambia ajiandae kulia, Mnyamwezi akishika mahakama Mzaramo hapati hata pa kukaa. Kacheka. Kisha kaangalia simu, kachukua mfuko wake, kakimbilia duka la dawa kama kila Jumamosi.

Jumapili, 4 Agosti

Misa ya kwanza. Nimepika ugali na kisamvu, nimekula peke yangu. Mwanangu Kulwa kapiga simu, pacha wake Doto hajapiga. Kawaida.

Nimemfikiria Tatu. Anatoka Kisarawe, ndani huko, kwenye mikorosho. Mumewe, Mzee Athumani, kapigwa na kiharusi. Yule wa kwenye kitabu kabisa, isipokuwa huyu wa Tatu anaelewa kila kitu na jicho moja linafuata watu. Siku sita za wiki Tatu hatoki. Jumamosi wifi yake, Zuhura, anakuja kumpokea, naye Tatu anapanda magari mpaka Kibaha kununua dawa za presha. Kule kwao anasema foleni ndefu. Foleni yenyewe ni sisi. Mwaka jana mvua ilimwingiza maktaba, akakaa, akasikia watu wazima wanagombania mtu ambaye hayupo duniani, akarudi wiki iliyofuata.

Nilipojua ni Mzaramo nilifurahi. Toka enzi za mababu zetu kupita huku na mizigo ya watu, sisi na wao ni watani. Naweza kumwambia lolote. Naye pia. Hakuna kukasirika na hakuna kuombana radhi, maana ukiomba radhi umekiri kwamba haukuwa utani.

Nashangaa hajasema neno juu ya kitabu kufanana na nyumba yake. Hakuna aliyemuuliza. Wengine nadhani hawajui.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeshinda. Niandike ukweli, nimeshinda vibaya sana.

Miaka yote ya ukarani mahakama ya mwanzo nilichapa hoja za watu wengine, kinywa kimefungwa. Mawakili wa uchochoroni, washitakiwa wanaojitetea, mahakimu wanaosinzia. Nilikuwa nawasikiliza najiambia ningesema mimi mngekoma. Leo nimesema mimi.

Nimesimama nimewauliza: ile dawa ilikuwa inamponya mume, au ilikuwa inamzuia asiondoke? Nimesema katika nyumba ile wagonjwa walikuwa wawili, ila mmoja hakupewa kitanda. Nimesema huyo mume angekuwa na ulimi angeomba mwenyewe, na mke mwema ni yule anayesikia hata lisilotamkwa. Nimesema watu wanaomwita muuaji waje zamu moja tu, wageuze, wafute, walishe, halafu wahukumu. Nimewaangalia wote. Zaidi nimemwangalia Tatu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa upande wa pili mbele yangu.

Wamepiga makofi. Mama mmoja kalia. Mzee Kondo kanuna kama kanyang'anywa shamba.

Zamu ya Tatu ilipofika, kasimama. Kafungua kitabu, kakifunga. Kasema hana la kuongeza. Kakaa. Nimemnyooshea kidole cha utani, nimemwambia mtani umenyolewa bila maji. Kila mtu kacheka.

Nimerudi nyumbani naimba njia nzima.

Jumatano, 14 Agosti

Tatu kapiga simu mchana. Hajawahi kunipigia katikati ya wiki. Nilikuwa nachambua mchele, nikaweka ungo chini.

Hakutania. Kauliza jambo moja: yule mume wa Semeni, mwisho wake, aliumia?

Kitabu hakisemi. Kimeruka, sura inaishia jioni, inayofuata ni msiba. Lakini mimi bado niko upande wa mahindi, na niliona anatafuta upenyo wa kunishambulia Jumamosi. Nikajibu haraka kama wakili. Nikamwambia hakuumia hata kidogo, alilala tu, presha ikipanda mtu wa hali ile hajui kitu. Nimeliokota wapi? Sipajui. Nimelibuni hapo hapo.

Nikasikia kuku kwa mbali na mtu anatwanga. Kisha kasema ahsante mtani, kakata.

Mchele nimeuchambua upya, nilishasahau wapi nimefika.

Jumamosi, 17 Agosti

Kikao cha pili. Tatu kasema anaacha kushitaki. Kasimama na kusema hivyo mbele ya watu: upande wa kunde unamwachia Semeni. Mzee Kondo karuka, kwamba hairuhusiwi, punje ni punje. Kaka Deo naye kababaika, jambo hili halijawahi kutokea. Ikabidi Mzee Kondo ashitaki peke yake, akashitaki hovyo kwa hasira. Nikamla mzimamzima.

Tulipotoka, Tatu hakuwa na haraka. Tukaenda kwa mama lishe wa nyuma ya maktaba, tukaagiza chai na maandazi. Kala vizuri. Sijawahi kumwona anakula vizuri. Usoni katulia, kama mtu aliyetoka kuoga.

Nikamchokoza. Nikamwambia hata Wazaramo mkishindwa mnapendeza. Akasema mtani, mimi mwenzio nimeshaanza. Nikauliza umeanza nini. Akasema simpi tena. Tangu Alhamisi.

Nikacheka mpaka chai ikaniingia puani. Nikamwambia najua, nyie mnafukia waume ili mpate kula pilau, haya mwalike mtani mapema nisije nikakuta masufuria yameoshwa. Mama lishe akacheka. Tatu akaniangalia kidogo. Kisha naye akacheka.

Utani wa kikubwa ule. Nimesimulia kwa jirani yangu, naye kacheka.

Jumapili, 18 Agosti

Padri alikuwa anahubiri sijui nini. Katikati ya mahubiri nimekumbuka.

Jana hakwenda duka la dawa.

Tulitoka maktaba, tukanywa chai, nikamsindikiza mpaka stendi, akapanda gari. Mikononi hakuwa na mfuko wa dawa. Alikuwa na kitabu tu. Kakiazima tena.

Sikukomunika. Nimekaa kwenye benchi mpaka watu wakatoka.

Jioni. Nimejiambia: pengine alinunua asubuhi kabla hajaja. Pengine Zuhura alinunua. Pengine zimebaki za wiki iliyopita. Nimejiambia hayo yote na bado sijala.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimempigia. Nilipanga kuuliza moja kwa moja. Niliandaa hadi maneno: Tatu, lile ulilosema Jumamosi, ni kweli?

Kapokea kwa furaha. Mtani kaniamkia shikamoo ya dharau kama kwa bibi kizee, kaniuliza Wanyamwezi wacheza na nyoka wanaamkaje siku hizi, nyoka shingoni au mfukoni. Nikajikuta nacheka. Nikajibu na mimi, mdomo una mazoea yake. Tukataniana hadi salio likaisha.

Sikuuliza. Mjinga mimi.

Jumanne, 20 Agosti

Simu yake haipatikani mchana wote. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimekwenda Kisarawe.

Sikupiga hodi ya simu kwanza, nilitaka kuwakuta walivyo. Gari hadi Kiluvya, halafu bodaboda, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Nimebeba machungwa. Nikajisikia mpumbavu, kupeleka machungwa Kisarawe kwenye michungwa yenyewe.

Nyumba safi. Uwanja umefagiliwa, alama za fagio bado mbichi. Zuhura alikuwepo, kaja kumwona kaka yake, mwanamke mnene mcheshi, kanipokea kwa vigelegele alipojua ni mtani. Tatu katoka ndani na bakuli la uji. Akaniona. Hakushtuka. Kasema karibu, nilijua utakuja.

Wakanipeleka chumbani nimsalimie mgonjwa. Nilizoea kusikia tu habari zake. Mzee Athumani ni mrefu, kitanda hakimtoshi. Shuka jeupe, hana kidonda, hana harufu. Kanyolewa ndevu vizuri. Mtu anayetunzwa. Nikasema shikamoo mzee. Midomo ikajaribu marahaba. Lile jicho likaniangalia, halikutoka kwangu. Lilikuwa jekundu, na mshipa wa kwenye paji unapiga, unaonekana kwa macho.

Tatu alikuwa anamlisha uji kijiko kwa kijiko, anampangusa, anamwita mume wangu. Taratibu sana, kwa mapenzi. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Ningemkuta anamtupia sahani ningepumua.

Ilikuwa niseme pale. Zuhura kasimama mlangoni. Kumwita mke wa watu muuaji, ndani ya nyumba yake, mbele ya wifi yake, mbele ya mwenyewe mgonjwa anayesikia. Na kama nimekosea? Kwa hiyo nikafanya ninachokijua. Nikamwuliza mzee kwa sauti kubwa, huyu Mzaramo mwenzio anakupa dawa kweli au anakula mwenyewe, mbona kanenepa?

Zuhura kacheka mpaka kajishika ukuta. Tatu kacheka. Akasema dawa zake nazimeza mimi, mtani, ndiyo maana sina presha.

Mzee Athumani hakucheka. Jicho lilimtoka chozi. Zuhura akampangusa, akasema huwa linamtoka tu lenyewe, lile la upande mbaya. Lakini halikuwa la upande mbaya.

Nimepewa korosho za kuondoka nazo. Nimezipokea.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimekwenda kwa Mzee Kondo kule Misugusugu, mwanamume mzima aliyeona mengi. Shikamoo, marahaba, kiti, maji. Nimemweleza yote. Nilidhani atasimama.

Kanisikiliza akichokonoa meno. Kasema Mama Kulwa, huo ni utani, na wewe ndiye uliyeuanza. Kasema kampe mtu wa serikali hiyo habari, atakuuliza ushahidi, utasema nini, alicheka? Kisha kasema, bila ubaya, bado ana donge la kushindwa: wewe ndiye uliyetuambia kwamba huyo mwanamke hana kosa.

Nikamwambia ile ilikuwa punje ya mahindi. Akasema yeye anajua. Yeye anajua kanuni. Je, Tatu aliijua vizuri?

Nimerudi kwa miguu. Mdomo uliponza kichwa, walisema, ila hiki si kichwa changu kinachoponzwa. Ni cha mtu aliyelala Kisarawe anasikia kila kitu.

Nimeamua. Kesho ni kufunga kitabu, kila mtu anasema imani yake. Tatu atakuja, huwa haachi. Nitasema mbele ya wote kwamba Semeni aliua na kwamba kila nililolisema halikutoka moyoni. Halafu nitamshika mkono, nitampeleka duka la dawa mwenyewe, nitarudi naye Kisarawe. Sitatania. Nikitania tena mdomo huu ukauke.

Ningeweza kwenda leo hii. Gari zilikuwepo. Naogopa, ndiyo sababu.

Jumamosi, 24 Agosti

Tatu hakuja.

Nimesimama bila kuambiwa. Nimesema Semeni ni muuaji. Nimesema mtu akiwa hana ulimi hatumpangii anachotaka, na kuchoka kwa mtunzaji kunaombewa msaada, hakumalizwi kwa mgonjwa. Nimesema yale ya kitanda na wagonjwa wawili ni maneno matamu tu, niliyapika. Hakuna aliyepiga makofi. Mama yule aliyelia siku ile kanifuata, kasema umechelewa dada, ulishatushawishi, sisi tumebaki kule kule. Kasema hivyo anatabasamu.

Simu ikaita. Namba ya Zuhura.

Mzee Athumani kafariki alfajiri. Maziko saa kumi.

Jumapili, 25 Agosti

Jana niliwahi maziko. Sijui kama ni neno la kuandika hapa, kuwahi.

Wanaume walikuwa wameshamwosha. Wanawake wamekaa ndani na ukumbini, mikeka imejaa, nje masufuria ya wali jikoni. Tatu kakaa kona, kanga kichwani, watu wanamshika mkono mmoja mmoja. Nilipiga magoti mbele yake. Kasema ahsante kwa kuja. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto.

Jeneza lilipotoka, kilio kikapanda. Kisha kikashuka, ule ukimya wa wanawake wanaosubiri wanaume warudi kutoka kaburini. Ndipo Zuhura akasema, macho yamevimba, kwamba huu msiba umekosa mtani. Mnyamwezi yupo wapi? Marehemu alipenda utani enzi zake, asizikwe kama yatima. Wakaanza kunisukuma. Nikakataa. Wakazidi. Huku kwao mtani akikataa msibani ni kama kamtukana maiti. Bibi mmoja kanivika kofia ya marehemu, mwingine kanifunga kikoi chake.

Basi nikalala kwenye mkeka.

Nilijinyoosha kama yeye. Nikapindisha mdomo upande mmoja. Nikafumba jicho moja, nikamtolea Tatu la pili. Nikasema kwa sauti ya kukwama: dawa yangu. Tatu, dawa yangu. Uji nimeshiba, mke wangu, dawa iko wapi? Alhamisi hukunipa, Ijumaa hukunipa. Nimekukosea nini?

Nilisema kweli. Kila neno. Sikuwa naigiza, nilikuwa nashitaki, mbele ya dada wa marehemu na ukoo mzima.

Walicheka. Mungu wangu, walivyocheka. Zuhura alilala chini anacheka na kulia kwa pamoja, akanitupia kanga ya zawadi. Bibi aliyenivika kofia akasema huyu kampatia, ndivyo alivyokuwa, hakuna mgonjwa asiyesumbulia dawa. Vigelegele. Nikaendelea, nikasema wazi zaidi, nikasema nimeuawa jamani. Wakacheka zaidi.

Tatu naye alicheka. Alicheka kwa kinywa, hadi meno ya nyuma yakaonekana, na macho kayakaza kwangu bila kupepesa.

Nikavua kofia. Nikaenda jikoni nikasaidia kugawa wali, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Jumanne, 27 Agosti

Polisi? Nimefika mpaka karibu na geti, nikanunua vocha, nikarudi.

Ningesema aliniambia. Wangeuliza ulifanya nini. Ningesema nilicheka.

Ijumaa, 30 Agosti

Kinywa kichungu. Hata chai. Kulwa anasema niende nikapime sukari.

Jumamosi, 7 Septemba

Maktaba. Feni imetengenezwa. Kitabu kipya, habari za ndugu wawili na mpaka wa shamba, na tayari watu wameshaanza kugombana. Kopo likapitishwa. Nililiruka. Kaka Deo kauliza kulikoni Mama Kulwa, simba wa hoja? Nikasema koo linauma.

Wamenikumbusha jinsi nilivyomtetea Semeni. Bado wanaisifu siku ile. Mzee Kondo alikuwa anaangalia dirishani.

Jumatano, 18 Septemba

Zuhura kapiga kunijulia hali. Kasema ukoo bado unasimulia utani wangu. Kasema Tatu anakaa eda vizuri, hatoki, hasemi sana, ila ananiulizia. Kila wiki ananiulizia.

Nikasema nitakuja. Tangu maziko nasema nitakuja.

Jumamosi, 28 Septemba

Leo sikwenda maktaba. Nimekwenda Kisarawe.

Zuhura alinikaribisha, akatuacha, akaenda shambani. Tatu alikuwa ndani, mavazi meupe, kakaa chini na beseni la mihogo. Kile chumba kingine mlango umefungwa. Kakonda. Kanikaribisha kwenye mkeka, nikakaa. Hakunitania na mimi sikumtania. Nje upepo ulikuwa unavuma kwenye mikorosho.

Yeye ndiye aliyeanza. Kasema siku ile nilipolala mkekani alijua kwamba najua. Kasema nisihangaike tena kutafuta namna ya kuuliza. Ndiyo, aliacha. Alhamisi hadi siku aliyokufa. Na Mzee Athumani alijua, siku ya pili tu alijua, akawa anaangalia kabati zilipokaa dawa na kumwangalia yeye. Na mwisho aliumia. Kasema hilo nilimdanganya. Aliumia sana, tangu usiku hadi alfajiri.

Nikamwambia sikuwa naamini. Hata neno moja. Ilikuwa punje, Tatu, kopo tu lile, moyoni nilikuwa namwona Semeni muuaji toka ukurasa wa mwisho.

Kamenya muhogo mzima kabla hajajibu. Kisha kauliza, kwa upole tu kama mtu anayetaka kujua: mbona uliyasema vizuri hivyo?

Nikaokota maganda, nikayarundika pembeni.

Akaendelea. Kasema siku ile kwa mama lishe hakuwa anatania. Ilikuwa ndiyo siku ya tatu, mzee hajaharibika bado. Alikuja Kibaha na hela ya dawa kwenye pindo la kanga. Kasema alikuwa hajui afanye lipi, na katika watu wote anaowajua alinichagua mimi. Alitaka mtu mmoja tu amwambie hapana. Ningesema hapana, hata kwa kunong'ona, angepita duka la dawa, angerudi, angempa jioni ile ile.

Nilidhani atalia. Hakulia. Nililia mimi. Akaniacha nilie, hakunibembeleza, hakunifukuza.

Akanisogezea kisu cha pili. Tukamenya mihogo mpaka alasiri, tukaiosha, tukaibandika. Hatukutaniana.